Cherehani Ndani ya Wimbo

Mpiga besi wa bendi moja ana vidole vilivyoota sugu, na hamwachii mtu waya wa gitaa lake. Huuzungusha mwenyewe kiganjani na kwenye kiwiko, polepole, kama mama yake fundi nguo anavyokunja futi yake ya kupimia. Akikasirika hapayuki. Sauti hushuka mpaka watu wanyamaze ndipo wamsikie. Leo imeshuka. Bendi yao ya magitaa, isiyo na kampuni ya kurekodi wala meneja, ilianzia chumba cha kushonea cha mama huyo, bila mpiga ngoma, wakifuata mwendo wa cherehani. Hata alipopatikana mpiga ngoma, naye aliufuata huohuo. Sasa wameingia studio ya maana, eti, wakiwa na mlio wa cherehani hiyo waliourekodi kulekule chumbani, na fundi mitambo yuko meno yote nje: "Nimewasafishia wimbo, dada. Kulikuwa na kelele za mashine huko nyuma, nimezifuta zote." Mpiga besi anachomoa waya, anaanza kuuzungusha. "Kaka, zile si kelele," anasema kwa sauti ya chini kabisa. "Yule ni mama yangu. Umemfukuza kwenye bendi yake mwenyewe, halafu unangoja nikushukuru?"