Siku ya Mwisho Kalemie

Jirani akiwasha jenereta, harufu ya mazuti hunikumbusha meli iliyotutembeza ziwani, sisi familia za wafanyakazi kutoka Likasi. Siku ya mwisho meli ilitia nanga Kalemie, nasi watoto tulitamani kuuona mji. Mkubwa wa baba kazini, tumbo mbele, akatupanga juani nje ya nyumba ya kiongozi wa chama ili tumwimbie. Tuliimba mpaka koo zikakauka. Kiongozi hakutoka, tulimwona dirishani, akitafuna kuku.

“Muimbe na nguvu!” mkubwa akafoka.

Mama akanishika mkono. “Mutoto yangu iko na njala. Muimbie weye mwenyewe.”

Tukaenda sokoni, tukala samaki wa kukaanga. Baba alibaki mstarini, akipiga makofi.