Hapa Hakuna Kukata Kulia

Barabara yetu haikujengewa wageni. Inaanzia kwenye highway, inapita mbele ya geti letu, inazunguka nyuma ya kanisa, kisha inatokea kwenye barabara ya kuingia mjini Nakuru. Kwa miaka mingi aliyeipita alikuwa mtu anayeishi hapa, au amekuja matanga. Kisha msongamano wa kule mbele kwenye raundabauti ukazidi, dereva mmoja mjanja akagundua kwamba akikata kulia kwetu anaruka foleni yote, akamnong'oneza mwenzake, na ramani za simu zikawatangazia waliobaki. Tukawa njia ya panya. Malori ya mbao kutoka Elburgon, pikapu za viazi kutoka Keringet, watu wa suti wanaochelewa kazini kila siku kana kwamba kuchelewa ndiyo kazi yenyewe, wote wakawa wanapita dirishani kwangu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na sauti ninayo. Nilisimama getini nikawapigia kelele mpaka nikachoka. Dereva mmoja alifungua kioo akaniambia kwa upole, "Mathe, si unaona vile jam imesimama huko? Sasa nilale barabarani?" Akafunga kioo akaniachia vumbi. Hilo vumbi letu la Nakuru, jepesi na jeupe, linaingia hata kwenye sukari iliyofunikwa.

Watu wa mtaa wakafanya tunachofanya siku zote serikali inapochelewa: tukajenga tuta letu wenyewe. Kila nyumba ilileta mawe au mchanga, tukalishindilia tuta mkabala na geti letu, refu kiasi cha kukwangua tumbo la gari lolote lenye haraka. Magari hayakupungua, ila yalianza kupunguza mwendo pale. Na palipo na gari linalopunguza mwendo, mtu wa kuuza kitu hachelewi kufika. Haikupita wiki, mwanamke mmoja kutoka mtaa wa Rhonda akaweka jiko lake ng'ambo ya barabara, kando ya tuta, akaanza kuchoma mahindi. Hakuna aliyejua jina lake. Sote tulimwita Mama Mahindi, naye aliitika.

Wakati huo mama yangu alikuwa amehamia kwangu. Nilimtoa shambani, upande wa Elburgon, baada ya goti lake kukataa kupanda na kushuka miteremko. Alikuja na redio, blanketi tatu na hasira nyingi. Aliyelima ekari za mahindi na viazi tangu akiwa msichana, nikamwonyesha kashamba kangu ka sukuma wiki nyuma ya jikoni, akakaangalia kwa muda, akaniuliza, "Na hiki ni cha kuku?" Asubuhi mimi nikienda shule alibaki peke yake na redio. Jioni nilimkuta mahali pale pale nilipomwacha. Aliacha kula vizuri. Nilimwona akizimika mbele ya macho yangu, na niliogopa.

Mama Mahindi ndiye aliyemfufua. Siku moja mama alivuka barabara kwa mkongojo wake kwenda kumwambia kwamba mahindi anayochoma yamekomaa kupita kiasi, yanafaa kusagwa unga. Badala ya kukasirika, yule mwanamke alimsogezea kigoda akamwita shosho, kama nyanya yake: "Basi shosho, nichagulie." Kuanzia siku hiyo mama alikuwa na kazi. Alikuwa akimenya maganda, akibonyeza punje kwa ukucha, akitenga ya kuchoma na ya kuchemsha. Kila mmoja alikuwa na lugha ya kwao ambayo mwenzake hakuijua, kwa hivyo walizungumza Kiswahili, wote wawili vibaya sana, na walicheka tangu asubuhi mpaka jioni. Nikirudi nilisikia kicheko cha mama kabla sijafika getini. Nilikuwa sijakisikia tangu tulipomzika baba.

Shida ilikuwa kuvuka. Alasiri moja dereva wa pikapu ya viazi aliamua kulikwepa tuta kwa kupanda ukingoni, na ukingoni ndiko mama alikokuwa. Gari liligonga mkongojo ukamtoka mkononi ukaruka mtaroni. Mwenyewe hakuguswa. Nilipofika nilimkuta ameketi chini, Mama Mahindi amemkumbatia, na dereva amesimama kando anasema, "Pole, lakini na mzee pia angeangalia." Nilimtukana matusi ambayo mwalimu hapaswi kuyajua.

Nikamkataza mama kuvuka nisipokuwepo. Akatii, akawa anaweka kiti ndani ya geti na kumtazama rafiki yake ng'ambo ya pili. Walijaribu kuzungumza kwa kupaza sauti, magari yakawashinda, wakabaki kupungiana mikono. Tena akaanza kusukuma sahani ya chakula kando.

Ndipo mkutano wa wakazi ukaitishwa katika ukumbi wa kanisa, Jumapili baada ya ibada. Mwenyekiti wetu ni mstaafu mwenye gari kubwa na maneno makubwa zaidi. Tulifungua kwa maombi, na aliyeomba alimweleza Mungu ajenda yote hatua kwa hatua. Pendekezo lilikuwa tuiombe kaunti iweke kibao pale mdomoni mwa barabara: hakuna kukata kulia kutoka highway. Mwendesha boda mmoja aliinua mkono aseme jambo, akaulizwa kama yeye ni mkazi, akaushusha.

Mwenyekiti akasema tumsikie mzazi wetu. Nikamwinua mama. Alishika mgongo wa kiti cha mbele akasema, "Mimi ni mtu wa shamba. Kule kwetu hata ng'ombe akivuka barabara, gari inasimama. Hapa mimi si hata ng'ombe. Siombi kitu kingi. Nataka kuvuka tu, nikae na mwenzangu, nirudi kwa mtoto wangu." Hapo machozi yakamtoka. Wanawake wakaanza kufuta machozi, na kutoka nyuma kabisa, karibu na mlango, kigelegele kikapanda. Niligeuka. Alikuwa Mama Mahindi, amesimama na aproni yake yenye masizi, anapiga makofi mikono juu. Ukumbi mzima ukamfuata. Kura ikapigwa kwa mikono, hakukuwa na wa kupinga, tukafunga kwa maombi.

Kwa mara ya kwanza maishani mwangu kaunti ilifanya kitu upesi. Kibao kikaja, mshale wa kulia uliopigwa mstari mwekundu, na askari wawili wa kusimama chini yake kuwakamata wabishi. Kwanza madereva walipiga kelele, kisha wakazoea kupita moja kwa moja. Mtaa ukanyamaza. Mvua ikaosha ua wa michongoma tukaona kumbe bado ni wa kijani. Nilisimama getini na kikombe cha chai nikamtazama mama akivuka barabara peke yake, polepole, akisimama katikati kabisa kurekebisha leso yake, kwa maringo, kama mwenye barabara. Nilikuwa na furaha. Nasema hivyo wazi kwa sababu sijaipata tena.

Jioni mama alianza kuniletea habari. "Leo tumeuza mawili tu, mengine tumekula wenyewe." Alicheka. Kesho yake akasema leo wamezungumza sana kwa sababu hakuna wa kuwasumbua. Siku nyingine akaniambia Mama Mahindi amekuja na kikapu kidogo, pengine mgongo unamsumbua. Nilikuwa nasahihisha vitabu, nikaitikia bila kuinua kichwa. Kisha ikaja asubuhi ambayo jiko halikuwekwa. Mama alivuka hata hivyo, akakaa kwenye jiwe kando ya majivu hadi nilipotoka shule. Akasema ni mvua. Kesho yake akasema labda kuna msiba. Baada ya hapo hakusema tena ni nini, aliendelea tu kuvuka na kusubiri, na barabara ilikuwa tupu, salama kabisa.

Jumamosi nilikwenda Rhonda kuuliza. Nikaelekezwa kwenye mtaa mwingine, mbele kidogo kwenye highway, kule ambako madereva walikimbilia baada ya kufungiwa kwetu. Nilimwona kwa mbali kwa sababu ya moshi. Wakazi wa pale nao walikuwa wamejenga tuta, naye alikuwa ameketi kando yake, magari yamepanga foleni, mikono inatoka madirishani.

"Mwalimu! Karibu, karibu. Shosho ako aje, mzima?"

"Anakaa pale pako kila siku anakungoja. Mbona ulihama bila kutuambia?"

Aligeuza mahindi kwanza. "Ningemwambia nini? Gari ziliisha, mwalimu. Nyinyi watu wa mtaa mko na jikoni kwenu, nani atanunua mahindi yangu?"

"Siku ile ya mkutano ulijua itakuwa hivi?"

"Si mimi ndiye nauza? Nilijua."

"Na ukapiga vigelegele."

Aliniangalia kana kwamba mimi ndiye mgeni wa nchi hii. "Mzazi amesimama mbele ya watu, analia, anataka kuvuka akuje kwangu. Kwangu mimi! Sasa nisimame niseme apana, wacheni gari zikuje? Hiyo ni heshima gani?"

Nikamwomba arudi. Akaniuliza watoto wake watakula nini. Kisha akanionyesha kwa koleo la makaa karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya stima. Wakazi wa pale waliitwa mkutanoni Jumapili. "Hata hawa wanataka kibao," akasema, akacheka kicheko chake kile kile. Alinichagulia mahindi laini, yale mama anayaweza kwa meno yake, akakataa nimlipe.

Nyumbani nilimwambia mama kwamba rafiki yake amepata mahali penye wateja zaidi. Alimshukuru Mungu kwa niaba yake. Mahindi aliyala yote, akaniuliza kama Mama Mahindi aliuliza hali yake.

Kibao chenyewe kilituponza sisi tuliokiomba. Kumbe sisi wenyewe tukirudi nyumbani kwa highway, tukitokea upande ule ule wa malori, nasi tulitakiwa tusikate kulia. Ilibidi tupite mtaa wetu tukiuangalia, twende mpaka kule mbele tugeuze, turudi. Hilo hatukulifikiria, tulidhani sheria itawatambua wenyewe. Mkuki kwa nguruwe. Wa kwanza kukata kulia mbele ya askari alikuwa mwenyekiti, akasema ana mgonjwa kwenye gari. Nilimwona mgonjwa huyo, alikuwa gunia la makaa na mke wake. Wakafuata wazee wa kanisa, wakafuata walimu. Askari wakaanza kutupigia saluti, kisha wakahamishwa. Aliyekuwa nyuma yetu kwenye foleni akaona tunakata, naye akakata. Kabla mvua za mwaka hazijaisha malori ya mbao yalikuwa yamerudi, na juu ya kibao mtu alikuwa amebandika tangazo la mganga anayerudisha wapenzi waliopotea.

Basi magari yakarudi, ila Mama Mahindi hakurudi. Nilimtumia salamu na mwendesha boda. Akajibu kwamba kule, ambako kibao bado hakijaja, sasa ana wateja wake, wanamjua, na jiko si kitu cha kuhamahama nacho kila watu wakifanya mkutano. Pale kwenye tuta letu akaja mwanamume wa kuuza matikiti maji, mtu mzuri tu, mwenye redio ya kelele. Tukaitisha mkutano mwingine. Nilikwenda, nikakuta viti vingi kuliko watu. Mwenyekiti alisema tuiandikie kaunti. Sijui kama aliandika, na sidhani ingesaidia.

Mama alirudi kwenye kiti chake ndani ya geti. Siku moja alimtazama yule wa matikiti akiuzia gari baada ya gari, kwa muda mrefu, kisha akaniita. Hakuwa mtu wa kudanganyika, alikuwa amechelewa tu kulifikia jambo lenyewe.

"Yeye aliondoka kwa sababu ya kile kibao," akasema. Halikuwa swali.

"Ndiyo, mama."

"Alikuwa kwa mkutano?"

Ningeweza kumdanganya. Nilijua ni bora nimdanganye, lakini alikuwa ananitazama. Nikamwambia alikuwa nyuma karibu na mlango, na kwamba vigelegele vya kwanza vilikuwa vyake.

Mama akaitazama barabara. Lori lilipanda tuta, likashuka, lingine likapanda. "Watu wote wale," akasema mwisho, "na hakuna hata mmoja wa kuniambia kaa chini." Mimi ndiye niliyekuwa karibu naye kuliko wote siku hiyo, nimemshika kiwiko.

Akaniomba nihamishie kiti chake nyuma ya nyumba. Huko hakuna cha kutazama isipokuwa ukuta wa jirani na sukuma wiki zangu, ambazo sasa mama hata hazifanyii mzaha tena. Kila Jumamosi namwambia nitaita tuktuk nimpeleke kwa Mama Mahindi, si mbali, tutafika mara moja na kurudi. Siku za kwanza alisema goti linauma. Sasa hasingizii goti tena. Ananiuliza, "Nitamwangalia na macho gani?"