Mlima Tuliupanda Vizuri

Nilipofumbua macho viazi vilikuwa vimenijaa kifuani na Landrova yangu imelala ubavu katikati ya migomba ya watu. Injini ilikuwa bado inanguruma, tena vizuri. Nasema hivyo kwa haki, injini haikuwa na kosa. Mguu wangu wa kulia ndio ulikuwa umebanwa kwenye pedali ya breki, umekunjikia upande ambao mguu haukunjiki. Mwenye migomba akainama dirishani.

"Pole baba. Kwani kona hukuiona?"

Kona niliiona. Niliiona nikiwa bado mbali, nimesimama juu ya breki kwa uzito wangu wote, na breki imekataa kama vile nakanyaga ukuta. Gia ya pili ilikataa kuingia. Breki ya mkono ilitoa harufu tu.

Huo mguu madaktari waliukata. Sasa nataja waliohusika, na majina yao siyaandiki kwa sababu wenyewe wanajijua.

Wa kwanza ni mwalimu, mtu wa pwani aliyepangiwa kazi huku kwetu. Ana gari lake lililoinuliwa juu kama jukwaa, na simu iliyojaa video za magari yanayoogelea kwenye tope. Kila Jumamosi alikuja kwangu Kinyala kunihurumia kwa kuwa Landrova yangu ilikuwa ya petroli.

"Mzee wangu, hii ni ya kwendea harusini. Weka injini ya dizeli ya haisi na matairi ya tope. Utapanda mpaka mawinguni."

"Mawinguni ndiko ninakolala," nikamwambia. Lakini mawazo yakaingia.

Wa pili ni fundi wa Makandana, aliyeletwa na mwalimu. Kazi yote aliifanya kwa nyundo na spana malaya, ile ya kubana na kulegeza inayokubali kila nati. Nilimuuliza kama hana spana za saizi.

"Baba, za saizi zinachagua. Hii haina ubaguzi."

Tukacheka, mimi nikicheka kuwazidi. Injini ya petroli ikatoka kwa mnyororo, ya dizeli ikashuka mahali pake. Ilikuja na alteneta yake nene, ile ya kuchaji betri, ina kitu kama kopo kwa nyuma. Fundi akapitisha kidole, akanionyesha weusi wake.

"Inavuja oili, itakuchafulia gari. Nakuwekea nyingine safi, haina makopokopo."

Nikamwambia ndaga fijo. Naomba ikumbukwe kwamba nilishukuru.

Kwetu gari lililobadilishwa injini hujaribiwa kwa mlima. Sijui nani alianzisha. Watu wanapakiwa mpaka kwenye bampa, gari linaelekezwa Isongole, na likifika bila kupumzika fundi anakuwa mtu mkubwa. Basi tulipanda. Kwaya nzima ya kanisa letu ilikuwa nyuma, inaimba. Landrova ilipanda kana kwamba imesahau umri wake. Kule juu akina mama wakapiga vigelegele, mzee wa kanisa akaweka mkono kwenye boneti akaombea injini, na fundi akakatiwa paja la mbuzi. Breki hakuna aliyeiombea. Mlimani unakanyaga mafuta, breki ya nini?

Mimi nikapakia magunia ya viazi nirudi nayo. Kwaya ilikuwa inalala huko kwa ajili ya ibada ya kesho. Nikawaita fundi na mwalimu wapande mbele.

"Tangulia baba," fundi akasema, anafuta mafuta ya nyama mdomoni. "Sisi tutakuja na bodaboda."

Nikashuka peke yangu. Yaliyofuata nimeshayasema.

Hospitali walikuja wote wawili na mkungu wa ndizi. Fundi akautazama mguu, au pale ulipokuwa. "Breki inataka nguvu, baba, na umri nao." Maneno hayo hayo akayapeleka kanisani. Siku hizi mimi ni yule mzee aliyesahau kukanyaga breki. Wananisogezea benchi kwa upole unaochoma.

Niliishia darasa la tano, lakini macho ninayo. Lile gari liliburutwa mpaka uani kwangu, nami nikafungua boneti nikiwa na magongo. Kuna duara kama sufuria linaloisaidia pedali iwe nyepesi, wanaliita busta. Lina bomba la mpira ambalo zamani injini ya petroli ilivuta hewa kupitia humo. Sasa bomba lilikuwa haliendi popote. Mdomoni limezibwa kwa bolti, likakazwa kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Dereva mmoja wa haisi aliponyoosha shingo akaguna: dizeli haivuti hewa hiyo yenyewe, inavutiwa na pampu, na pampu ndiyo lile kopo nyuma ya alteneta aliyoiondoa fundi.

Bolti halikujisokota lenyewe mle ndani. Bomba lipo uani kwangu, sijaligusa, na bolti liko mdomoni.

Kwa hiyo fundi aje, na mwalimu wake, mchana, mbele ya wale wale waliopiga vigelegele. Sitaki mkungu mwingine. Fundi anijibu alipoliziba bomba alifikiri linakwenda wapi. Halafu wote wawili wanijibu hili: gari lilikuwa na nafasi mbili mbele, na ninyi mlikuwa mnaelekea kule kule. Kwa nini mlishuka kwa bodaboda?