Bomba Moja

Usiku ule nililala na Subira kooni, kama mwiba wa samaki. Simaanishi kwamba alikuwa ndani ya nyumba yangu, Mungu apishe mbali. Namaanisha neno lake. Mchana tulikuwa kwenye foleni ya kliniki, pale tunapopewa dawa ya kunywa sisi tulioacha unga wa kulevya, kila mtu akingoja zamu yake dirishani. Subira alikuwa mbele yangu, kajifunga kanga mpya, akimsimulia mama mmoja habari za mume wangu. Mume wangu mimi, marehemu Hamadi. Akasema, kwa sauti ya kuhakikisha inanifikia:

"Mimi na marehemu tulikuwa bomba moja, bibi wee. Bomba moja!"

Asiyejua maisha yetu atadhani ni majisifu ya kawaida. Bomba ni ile sindano ya kujidungia. Enzi zile mateja wa mtaa wetu tulishinda pagaleni, kwenye nyumba moja ambayo mwenyewe alianza kuijenga akaishia kwenye kuta, na kumpa mtu bomba lako kulikuwa ni kumwambia huna kinyaa naye, damu yake ni damu yako. Mimi nilikuwa mke wa Hamadi wa ndoa, nimeozwa na baba yangu mbele ya mashahidi, na Hamadi hakunipa bomba lake hata mara moja. Alimpa Subira.

Sababu ninaijua, sihitaji kuelezwa tena. Mwanzoni mimi nilikuwa wa kuvuta tu. Nilipohamia kwenye sindano, Hamadi alikuwa ameshapima na kukutwa na virusi vya UKIMWI, yeye na Subira wake, maana walikuwa wamechangiana siku nyingi. Akaamua kwamba kwangu havitafika. Akawa ananitafutia bomba jipya kwa wale vijana waliopita na mikoba wakigawa bure. Kitandani akaanza kuja na kondomu, nami nikamuuliza kama ameniokota barabarani. Hakunieleza kitu. Nilielezwa baada ya mazishi, kipimo changu cha virusi kilipotoka salama, na nesi akanishika mkono akaniambia, "Mumeo alikupenda." Nikaitikia. Moyoni nikasema, ndiyo, alinipenda, ila alichangia na Subira. Wivu hausikilizi maelezo ya nesi. Zilikuwepo siku nilizomwonea Subira wivu hata kwa ugonjwa wake, kwa sababu aliupata kwa Hamadi.

Lakini kilichomuua Hamadi kilikuwa ini. Macho yaligeuka manjano, tumbo likajaa maji, na mimi ndiye niliyemgeuza na kumfuta jasho mpaka mwisho. Kwa hiyo nesi alitaka nipime na homa ya ini. Alisema inapita kwenye damu, kwenye sindano na vifaa, na ikijulikana mapema vidonge vyake vipo na mtu anapona. Nikakataa.

"Sista, mimi sikuchangia bomba na mtu," nilimwambia. "Waulizeni wenye bomba moja."

Akanirudia siku nyingine, nikamjibu vilevile. Kunyimwa bomba lile kulikuwa donda langu na fahari yangu kwa wakati mmoja, na sikutaka mtu aliguse.

Basi nikalala hivyo, na neno la Subira limekwama hapa.

Ndotoni ni mchana. Nimekaa uani nasuuza vyombo, jua linametameta kwenye maji ya beseni, na Hamadi anaingia kwa mlango wa nyuma kama mtu aliyetoka dukani mara moja. Amevaa shati lake la drafti, lile nililomshonea kifungo kwa uzi wa rangi nyingine. Macho yake ni meupe, meupe kabisa, kama ya mtoto. Nakumbuka kwamba amekufa, na wala hainishangazi. Ninachongoja ni salamu. Nafuta mikono kwenye kanga, najiweka sawa.

Akasema, "Subira yuko wapi?"

Jamani! Mtu amekufa, amezikwa, nimekaa eda yake mpaka ikaisha, amepewa ruhusa ya kurudi sijui na nani, na la kwanza kinywani mwake ni Subira. Nilitaka kummwagia beseni zima.

"Kamuulize mwenyewe," nikamwambia. "Njia unaijua."

Akageuka, nami nikamfuata, maana sikuwa tayari kumwacha aende peke yake. Mlango wa uani unatutoa moja kwa moja pagaleni. Kuta ni zilezile zisizopigwa plasta, nondo zimechomoza juu, anga inaonekana yote. Ila leo pamefagiliwa, pametundikwa pazia jeupe, na umetandikwa mkeka mpya kama chumba cha maharusi. Subira ameshakaa. Amenawiri, ana wanja machoni. Hamadi anakaa katikati yetu na mimi napima kwa jicho goti lake liko karibu na la nani. Liko karibu na la Subira. Najisogeza.

Anatoa mfukoni mabomba matatu, kila moja kwenye karatasi yake ambayo haijafunguliwa. Moja anamwekea Subira. Moja ananiwekea mimi. La tatu anabaki nalo.

"Nipe lako," nasema.

"Lako hilo hapo."

"Nimeliona. Nataka la kwako."

"Hapana, Mwanaidi."

Sauti ni ileile ya zamani, ya upole, inayoniudhi kuliko matusi. Subira anacheka chinichini akijifunika mdomo kwa kanga. Naukamata mkono wa Hamadi, namfungua kiganja kidole kwa kidole, na ndani hamna kitu. Naukamata wa Subira, nao hamna kitu. Nakaa katikati yao nikitweta, nimeshika hewa.

"Umeshakufa, Hamadi," namwambia. "Sasa unaniogopea nini?"

Upepo unalivuta pazia unaliachia. Kisha anasema, kama alivyokuwa akisema siku zote:

"Leta maji."

Na hapo naikumbuka kazi yangu. Wenzangu walikuwa na bomba lao, mimi nilikuwa na kikombe. Kikombe cha plastiki cha buluu, kimemeguka ukingoni, nilikuwa nikitoka nacho nyumbani. Nilikishika katikati, na kila mtu alichovya akavuta maji yake, na akishamaliza alichovya tena kulisuuza bomba. Kijiko cha kukorogea unga kilikuwa kimoja, na kipande cha pamba cha kuchujia kilikuwa kimoja. Na mimi na bomba langu jipya, la peke yangu, nilichovya mlemle. Nilijiona mtumishi kwenye harusi ya mume wangu.

Sasa nimekishika tena. Hamadi anachovya ncha. Uzi mwembamba mwekundu unatoka, unajikunja majini. Anachovya Subira, unatoka wa pili. Nachovya mimi. Zile nyuzi zinakutana, zinasukana, mpaka siwezi kusema huu ni wa nani na ule ni wa nani. Kisha zinapotea, na maji yanabaki maangavu kama hayakuguswa na mtu.

Nilifurahi. Nasema ukweli, kwa sababu ndotoni mtu hana haya. Nilifurahi mpaka machozi yakanilenga. Kumbe na mimi nilikuwemo! Miaka yote ile nimekaa pembeni nikihesabu nilivyonyimwa, kumbe tulikuwa pamoja watatu ndani ya kikombe changu mwenyewe. Nikamgeukia Subira nimringie. Subira hacheki tena. Amejishika ubavu, na yale macho yake ya wanja yamekuwa manjano kama ya Hamadi siku zile za mwisho.

Furaha ikanitoka yote.

Hamadi anakitazama kikombe. Sikumwona akilia alipokuwa hai, hata tumbo lilipombana usiku kucha, na sasa analia kimyakimya, machozi yanashuka kwenye shati lile la drafti.

"Bomba nilikunyima," anasema. "Maji nilisahau."

Ananipokonya kikombe anakiinamisha amwage. Maji yanamwagika, yanamwagika, yanalowesha mkeka, yanafika magotini kwetu, na kikombe bado kimejaa. Anakiacha. Ananitazama kwa mara ya kwanza tangu aingie, kunitazama kweli, kama alivyonitazama siku aliyokuja kwetu na wazee wake.

"Kapime," anasema. "Na mwenzio umwambie."

Mwenzio! Kwetu mume akimwambia mkewe neno hilo juu ya mwanamke mwingine, amemtajia mke mwenza. Hamadi alipokuwa hai hakuthubutu kulitamka mbele yangu. Nikafungua mdomo nimpe jibu lake, nilikuwa nalo tayari, kali, la kumrudisha alikotoka. Halikutoka. Nikaamka nimefumbua macho gizani na mdomo wazi.

Koo lilikuwa limekauka. Mkono ukaenda wenyewe kwenye stuli kando ya kitanda, ukashika kikombe changu cha maji. Kile cha buluu. Sikuwahi kukitupa, kwa sababu Hamadi alikishika. Sikunywa. Nilikaa nacho mapajani mpaka nikasikia adhana ya alfajiri.

Vifaa. Nesi alisema "sindano na vifaa", tena aliviorodhesha kwa vidole, maji, kijiko, pamba. Mimi nilisikia sindano peke yake, kwa kuwa sindano ndiyo niliyokuwa nikiionea wivu.

Kupima nilishaamua kabla jua halijachomoza. Kilichobaki ni Subira. Ndoto ilikuwa yangu, na ndicho kitu cha pekee ambacho Hamadi alinipa mimi bila yeye. Nikimsimulia, tutagawana hata hiki. Nikajiambia, si anaumwa tayari, si ana madaktari wake, watamwambia wao. Kisha nikalikumbuka tumbo la Hamadi lilivyokuwa siku za mwisho, ngozi imevutika inang'aa, na yeye hajui alale upande gani. Simpendi Subira. Lakini lile tumbo simtakii.

Nilipofika kliniki, nani yuko mbele yangu kwenye foleni? Nikamgusa bega.

"Marehemu kaja usiku," nikamwambia.

Akageuka haraka. "Kaja wapi?"

"Kwangu. Aende wapi kwingine?"

Uso ukambadilika. Uso ule naujua, nimeuvaa miaka mingi, na kumwona Subira ameuvaa yeye kulinipa raha ambayo Mungu atanisamehe.

"Kwangu hajaja hata siku moja," akasema taratibu. "Tangu tumzike. Nalala nikimwomba aje, haji."

Nikaifaidi. Halafu nikaona anavyojikuna mikono, na kanga mpya inavyompwaya mabegani, nikaona nimefaidi vya kutosha.

"Kasema tukapime ini," nikamwambia. "Mimi na wewe. Yale maji ya pagaleni, Subira. Kikombe kile, na kijiko, na pamba. Wewe umeshapima?"

Akatikisa kichwa. "Sista kaniambia mara nyingi. Nikamwambia ugonjwa mmoja unanitosha."

"Wa ini una vidonge vyake. Hamadi alichelewa."

"Kasema hivyo kweli? Mimi na wewe?"

"Kasema, mwenzio umwambie."

Neno lile lilinikwaruza koo likitoka, lakini lilitoka. Subira alitazama chini, akakunja pindo la kanga, akalikunjua. Watu wa nyuma walianza kutuambia tusogee. Hakusogea. Akauliza kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake:

"Kaniulizia?"

Ningeweza kusema hapana. Nani angenibishia? Shahidi wangu yuko kaburini, na ndoto ni yangu, naikata ninapotaka. Neno "hapana" lilikuwa limeshafika ulimini.

"Kakuulizia," nikasema. "Kabla hata hajanisalimia."

Akajifunika uso kwa kanga, mabega yakawa yanatikisika. Nikamshika kiwiko, nikamtoa kwenye foleni, tukaingia wote wawili chumba cha vipimo. Nesi alituangalia, akaniangalia mimi zaidi.

"Mwanaidi. Leo imekuwaje?"

"Leo nimeyakumbuka maji, Sista."

Tulikaa kwenye benchi, kila mmoja amekunja mkono wa gauni. Nesi akachana pakiti ya sindano mpya mbele ya Subira, kisha akachana nyingine mbele yangu. Nikainama kidogo kuchungulia kama ile ya Subira ilikuwa nzuri zaidi. Zilikuwa sawasawa.