Mtama Tulioumwagia Mwarobaini

Enzi zetu pale Mugeta, mavuno yalikuwa hayajaisha mpaka mwarobaini utwangwe. Tuliokota mbegu zake, tukazitwanga na kuziloweka mtungini, kesho yake tukachuja. Maji yale yalikuwa machungu, ukijisahau ukalamba kidole, utamu wa uji huupati tena siku hiyo. Bibi aliyachanganya na samadi ya ng'ombe, akasiriba kihenge kwa ndani, kikakaa siku tatu kikauke ndipo mtama uingie. Fukusi walipita mbali.

Mwaka mmoja Bibi alikwenda Nyegina kwenye ubatizo, akatuachia kazi mimi na dada yangu Wakuru. Tulisiriba, tukasubiri, tukajaza mtama. Mtungini maji yalikuwa yamebaki nusu.

"Kama ukutani yanafukuza wadudu," Wakuru akasema, "si tukiyamwaga juu ya mtama wenyewe ndiyo watakimbia kabisa?"

Nikaona dada yangu ana akili kuliko Bibi. Tukamwaga yote.

Bibi aliporudi, siku ya pili tangu tumwage, akaingiza mkono kihengeni mpaka kwapani, akautoa haraka.

"Mtama una homa! Nyie watoto, mnataka tulage nini mpaka mavuno mengine?"

Chakula chetu cha mwaka mzima kilikuwa mle, kimelowa, kimepata joto na kuanza kuvunda.

Hakutuchapa. Tuliubeba wote kwa ungo, tukauanika mwambani, tukaugeuza kwa mikono kutwa nzima huku tukifukuza kuku. Bibi alizunguka na rozari yake, na katikati ya Salamu Maria ungemsikia, "Wakuru, kuku huyo!" Mungu akatujalia jua kali siku mbili. Mtama ukapona. Ila ugali ulikuwa mchungu mpaka Noeli, na tukikunja uso Bibi anasema, "Kula, mwanangu. Fukusi amekataa, wewe usikatae."

Siku hizi vijana wa Kiabakari wananunua dawa ya ghala dukani, hawasomi maelezo, halafu wanakuja kuniuliza mbona fukusi bado wanatembea. Nawafundisha kutwanga na kusiriba, na wakifuata wanafanikiwa. Wajukuu zangu wa Bunda wanapikiwa ugali mweupe kama pamba, wanabakiza nusu sahani. Nashukuru Mungu kwa shibe yao. Lakini sijui nitawafundishaje furaha ile ya kumega tonge chungu, ukijua kwamba lipo, na kesho litakuwepo tena.