Nta ya Mkonge na Kibuyu cha Mbegu

Siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, hata nikitaka kuisahau, ni ile susu, mama wa baba yangu, alipoziba ufa wa kibuyu cha mbegu kwa nta ya mkonge. Vita vya dunia vilikuwa vimekwisha juzi tu. Mvua ilitukimbia huku Matiliku, nyuki nao wakahama mizinga. Mimi sijahama tangu nizaliwe. Hata Migwani naisikia tu kwa wasafiri.

Ule weupe juu ya jani la mkonge, unaopanguka kwa kidole, ndio nta yenyewe. Susu alikusanya vumbi la majani makavu, akalichemsha, nta ikaelea, akaiengua. Ni ngumu kama ukucha, inang'aa, na jua haliilainishi kama ile ya nyuki.

"Lakini haipindiki," akatuambia. "Ningepata ya nyuki nichanganye, ingevumilia. Hii peke yake ikitikiswa inapasuka. Msikiguse mpaka mvua."

Ndani mlikuwa na kunde za kupanda, zote tulizobaki nazo. Tulilala njaa, susu akakataa zisipikwe.

Sasa, kila jioni baba alikishusha darini, akakitikisa karibu na sikio. "Bado ziko," anasema, nasi tunatulia. Mlio ule ndio uliokuwa redio yetu.

"Wewe, unasikiliza mbegu au unaziua?" susu akamwuliza.

"Aa, mama, hata mlio nao unanikataza?"

Mvua ikaja. Susu akamimina kibuyu: unga, fukusi na maganda matupu ya kunde. Nta ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Alitoka akayapanda maganda yale, mstari kwa mstari, amelowa chepechepe. Baba akasimama mlangoni.

"Mama, ingia ndani."

"Niingie nikasikilize nini?"

Hakuna hata moja iliyoota. Susu hakuufikia msimu uliofuata, na baba hakucheka tena kama zamani.

Kwa hiyo, mwanangu, nta ya mkonge ipake kamba, ing'arishe kiti, izibe kifuniko kisichoguswa. Pa kutikiswa, ichanganye na iliyo laini. Na kilichozibwa kwa shida usikishikeshike kila jioni ili moyo wako tu utulie. Kiache. Ni kazi ngumu, hata kwangu mimi ninayejua kukaa tu. Mungu akupe mvua, na ikija, ikukute una cha kupanda.