Kalamu ya Dani wa Magunga

Marehemu baba aliniachia kalamu ya wino ya kijani, yenye nibu iliyovunjika ncha. Ninazo kalamu nyingine kuukuu tele, na kila Jumapili nazisafisha na kuzipangusa mpaka mke wangu ananicheka, lakini hiyo ndiyo niliyotamani iandike tena. Nibu zake hazitengenezwi siku hizi. Niliposikia kwamba mama mmoja wa Magunga, jina lake Akoth, anayo kalamu ya aina hiyo hiyo, nikampigia simu.

"Iko," alisema. "Lakini ni ya dani. Siwezi toa kama dani hajasema ndio. Kuja mwenyewe."

Dani ni bibi kwa Kijaluo, hata mimi mtu wa Pwani niliyehamia Migori kikazi najua.

Asubuhi niliondoka Migori na chupa ya wino, kitambaa, na kalamu ya baba mfukoni. Mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo nilipofika Karungu nilisimamisha pikipiki kando ya maduka, nikampigia tena Akoth kumuuliza dani anapenda nini.

"Biskuti laini. Meno ya mbele hana."

"Na macho, anaona?"

"Anaona kunishinda! Jana alianguka kwa mti, lakini ako sawa."

Mti? Nilimuuliza tena, akarudia: mti, wa mapera. Nikanunua biskuti, nikaongeza na dawa ya kuchua. Njia nzima nilijiuliza ni ajuza gani huyo apandaye mapera.

Mchana nilifika Magunga. "Karibu, omera, ndugu yangu," Akoth alinipokea. "Dani ako nyuma na mbuzi, anakuja." Nilikaa barazani. Mbele yangu palikuwa na kaburi la saruji lililoandikwa: Mwalimu Peres, Dani Wetu.

"Huyu ni nani?" nilimuuliza Akoth.

"Si ndio dani," alijibu, kisha akageukia nyuma ya nyumba. "Dani! Peres! Mgeni amefika!"

Niliogopa, sifichi.

Aliyekuja mbio ni msichana wa chekechea, kibogoyo wa mbele, magoti yamechubuka. Akoth alicheka mpaka akashikilia mlango. Mtoto alikuwa bintiye, aliyepewa jina la mama mkwe wake, na kwao aliyepewa jina ndiye mwenye jina. Mali yake haitolewi bila ruhusa yake.

"Muulize," aliniambia, na sasa hakuwa akicheka.

Sikujua nianzie wapi. Nilimwamkia Peres, nikasita, maana nusura nimpe shikamoo. Nikampa biskuti, nikaomba niione kalamu. Niliisafisha nibu kwa maji vuguvugu, nikaichovya wino, nikajaribu kuandika. Ikakwaruza karatasi vibaya sana. Nilipoitazama vizuri niliona ncha imelika upande mmoja, nikadhani imeharibika.

Peres aliichukua kwa mkono wa kushoto, akachora miduara. Wino ukateleza bila kukwama hata mara moja.

"Alikuwa racham, wa mkono wa kushoto hivyo hivyo," Akoth alisema. Sikuuliza anamsema Peres yupi.

Nikatoa kalamu ya baba, nikamweleza mtoto kwamba nibu yake ingeifufua hii yangu. Akaipindua mara mbili tatu.

"Ya nani?"

"Ya baba yangu."

"Kwa nini hakukuja?"

Nikamtazama Akoth anisaidie. Alikuwa akimtazama mtoto, akingoja uamuzi kama mimi.

"Mwambie akuje mwenyewe," Peres alisema. "Nitampatia."

Jioni nilirudi Migori na kalamu mbovu ile ile, pamoja na dawa ya kuchua. Nimejifunza kwamba nibu hufuata mkono wa mwenyewe miaka na miaka, mpaka ikamkataa mtu mwingine. Mengine ya siku ile yamenishinda. Ila ujumbe wa Peres ninao, na mpaka leo sijui nimfikishie nani.